Baba Mdogo, jiwe lile lisichomwe kwanza

Berlin, Ujerumani

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na watoto wote. Sisi huku tupo, baridi ndiyo imeanza kututia adabu. Nimemwambia Masanja aiprinti pale steshenari akupe mkononi, maana maneno ni mengi na najua WhatsApp kwako ni ya kusikiliza sauti tu.

Uliniagiza nikutafutie ramani ya mali alizoficha Mjerumani, kwa kuwa nipo kwao na ninachosomea ni kutunza makaratasi na vitu vya kale. Agizo la mzazi halipuuzwi, nikaenda. Majalada ya iliyokuwa wizara yao ya makoloni yako hapa hapa Berlin, upande wa Lichterfelde, na anayejiandikisha anaruhusiwa kusoma. Nimesoma ya upande wetu wa ziwa kadiri macho yalivyostahimili mwandiko wao. Kuna pamba, kuna kodi, kuna malale, na kuna maofisa wanaoshtakiana kwa barua ndefu kama hawana kazi. Sanduku la hela mnalosema Mjerumani alilificha chini ya jiwe letu pale Kayenze sijaliona.

Na ukikaa ukapiga hesabu, lingetoka wapi? Waingereza walipoingia Mwanza Julai 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Tabora, na kipindi hicho hela walikuwa hawana. Vita ilikuwa imewafungia njia ya bahari, wakawa wanagonga sarafu zao wenyewe Tabora. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ndiyo ya mwaka huo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke kule Singida. Zilitoka kama 16,000 tu. Serikali iliyofikia kukwangua mgodi ili ipate sarafu haiwezi kusahau sanduku Kayenze. Kwa hiyo yule jamaa mwenye mashine ya kupima, anayetaka laki tatu za mafuta na mbuzi mweusi wa kafara, nakuomba kwa heshima zote asirudi hapo nyumbani. Mali pekee inayopatikana kwenye shughuli hiyo ni hizo laki tatu, na zinakwenda kwake.

Sasa tuje kwenye vigae, maana hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Masanja amenitumia picha za vipande viwili alivyovitoa chini ya lile jabali la nyuma ya zizi. Kimoja ni kitako cha chungu, na katikati ya kitako pana kishimo cha duara, mfinyanzi alibonyeza kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi. Cha pili ni cha mdomoni. Ukingo wake umekatwa kwa mshazari, na chini yake imepita mistari iliyochorwa kwa kitu chenye ncha, sambamba, kwa mkono usiotetemeka. Bibi anajua vyungu, muulize. Vyungu vya enzi zake urembo wake ni wa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo. Hivi si vyake, wala si vya mama yake.

Vyungu vyenye vitako vya namna hiyo viliandikwa mwaka 1948 na Mary Leakey, Louis Leakey na mhubiri mmoja Mwanglikana, W. E. Owen, walivyovikuta magharibi mwa Kenya. Leo wataalamu wanaviita Urewe, kwa jina la mahali Siaya. Vimeokotwa kuzunguka ziwa letu, Kagera, Uganda, mpaka Rwanda, na vya mwanzo vina zaidi ya miaka 2,000. Waliovifinyanga ndio wanaohesabiwa kuwa wafua chuma na wakulima wa kwanza wa pande hizi. Kwa hiyo kama picha haijanidanganya, aliyebonyeza kile kishimo alikuwa amelala kaburini karne nyingi kabla Mjerumani hajajua ziwa liko wapi.

Na huenda chini yake kuna wengine. Mwaka 1969 Robert Soper na mwenzake Golden walichapisha katika jarida la Azania ripoti ya uchunguzi wao wa mkoa wa Mwanza. Humo imo Nyang'oma, mahali penye kivuli cha jabali kama petu, na huko vilipatikana vigae vya Kansyore, ambavyo ni vya zamani kuliko Urewe. Waliovitengeneza hawakuwa wakulima. Walivua, waliwinda, walikula konokono wa ziwani, na bado walifinyanga vyungu na kuvijaza nakshi karibu mwili mzima. Magharibi mwa Kenya vya aina hiyo vimepimwa vikafika kwenye miaka 8,000. Jabali lenye kivuli karibu na maji hutafutwa na kila mtu, Baba Mdogo. Wewe mwenyewe ulikuwa unajikinga mvua pale ukichunga.

Ndiyo maana habari ya vijana wa kokoto wanaotaka kulipasua jabali hilo imenishtua kuliko ya mganga wa mashine. Najua wanavyofanya kazi. Wanapanga magogo na matairi kwenye jiwe, wanawasha mpaka lipasuke, kisha nyundo na mtaimbo. Jiwe likiondoka, udongo wa chini unavurugwa wote kwa siku moja. Wataalamu hawasomi kigae peke yake, wanasoma kilikuwa kina gani, kando ya mfupa gani, juu ya jivu la moto upi. Ukichanganya tabaka ni kama daftari la dukani lililochanwa kurasa: majina ya wadaiwa yapo, lakini nani anadaiwa nini hujui tena. Halafu umri wenyewe mara nyingi hupimwa kwenye mkaa, kwa kaboni-14 iliyobaki ndani yake, ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Ukiwasha magogo ya mwaka huu juu ya moto wa mtu wa miaka elfu mbili, mkaa wa leo unaingia kwenye wa kale na vipimo vinaweza kupotoka kabisa.

Masanja naye ameshavisugua vigae kwa mchanga na sabuni ya unga ili ving'ae kwenye picha. Usimgombeze, hakuambiwa. Ila asirudie. Masizi yaliyoganda ndani ya kigae, na mafuta yaliyonywewa na udongo, ndiyo yanayoweza kusema kama mlipikwa samaki au mlichemshwa maziwa. Na yale mawe meusi mazito yenye vitundu, aliyookota mpakani mwa shamba la mihogo, si kimondo wala hayauziki Geita. Ni mavi ya chuma, takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa. Bibi si alikuwa anatuambia majembe yalikuwa yanatoka kwa Warongo, wale wafua chuma, na watu wakioa kwa majembe? Basi hayo ni masalia ya kazi ya namna hiyo, ya nani na ya lini sijui.

Kuhusu Bibi. Anasema wazee walikuwa wakimwaga pombe chini ya lile jabali, nawe unasema hadithi za wazee hazijazi tumbo. Sikubishii kwa upande wa tumbo. Lakini pale Katuruka, Kagera, mtafiti Peter Schmidt aliongozwa na wazee wa Kihaya waliosimulia habari za Mtawala Rugomora Mahe na mti mmoja wa kale, na masimulizi yao yakisema palifuliwa chuma hapo. Alipochimba alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa kama miaka 2,500. Kitabu chake cha 1978 kinasomwa vyuoni mpaka leo, na wanakijiji wenyewe walipafufua mahali hapo pakawa pa kutembelewa. Bila wale wazee angechimba wapi?

Kuna na sheria, nikwambie mapema usije ukaambiwa na polisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, hata kama kiko shambani kwako, na kukichimba bila leseni ni kosa. Mwaka wenyewe una vituko vyake. Majengo ya Mjerumani pale Mwanza mjini hayaingii humo mpaka waziri ayatangaze, lakini kigae cha Masanja kimo bila kuombewa na mtu.

Najua nyumba inavuja na kokoto ndiyo hela iliyo karibu. Sisemi uache. Kuna jabali lingine kule barabarani, lile lililo wazi lisilo na uvungu, na lori linafika mpaka mlangoni kwake. Vijana waanze na hilo. Tofauti ya bei nitaibeba mimi, na bati za chumba cha Bibi nitazituma mwisho wa mwezi kupitia kwa Mayu, tumeshazungumza naye.

Vile vigae viwili Masanja avifunge kwenye karatasi, aandike siku na mahali alipovitoa na kina chake kwa rula, asivipeleke kwa mtu. Kisha naomba uende kwa afisa utamaduni wa halmashauri, wewe mwenyewe, si mtoto. Ukimtuma kijana atazungushwa. Ukipita Kisesa ingia pale makumbusho ya Bujora, waulize na wao nani wa kuonana naye. Wakikukalisha benchi bila jibu, nipigie, mimi nitaandika Idara ya Malikale kutoka huku.

Mbuzi mweusi muuze Krismasi, bei itakuwa nzuri.

Msalimie Mama Mdogo, na Bibi mwambie Masanja atakuja na simu amrekodi habari za jabali, asimfukuze.

Mwanao,
Minza