Risala ya kikundi cha wasomaji wa falsafa kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wanachama wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko licha ya majukumu mengi. Kikundi chetu kilianza na watu watatu kwenye ngazi za maktaba. Leo tuko kumi na mmoja na tuna mhuri. Tunasoma wanafalsafa wa Kiislamu na Kiyahudi wa zama za kati kupitia tafsiri. Tumeshatia katika Kiswahili kurasa nne na nusu za mwanafalsafa wa Kiyahudi Musa bin Maimun, aitwaye pia Maimonides, kazi ambayo, bila kujisifu, si ya kila mtu.

Mheshimiwa, Musa bin Maimun alizaliwa Cordoba, Hispania, kama mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Rushd, akafia Misri mwaka 1204. "Mwongozo wa Waliotatizika" aliuandika kwa Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania. Samuel ibn Tibbon alipokuwa akiutafsiri kwa Kiebrania, mwandishi mwenyewe alimwandikia barua kumwonya asifuate neno kwa neno. Na sherehe, yaani maelezo, ya Ibn Rushd juu ya "Jamhuri" ya Plato, Kiarabu chake kimepotea. Tunayo leo kwa sababu kuna aliyeitia katika Kiebrania.

Shida yetu ni hii. Mwongozo una sehemu tatu. Tunatumia tafsiri ya Kiingereza ya Shlomo Pines, iliyotoka mwaka 1963, toleo la juzuu mbili. Tunayo ya kwanza tu, tena fotokopi: ukurasa wa kumi na mbili una kidole gumba cha aliyeipiga, kimefunika mistari mitatu. Tulifika sura ya 76, mwisho wa sehemu ya kwanza, tukakwama. Hoja ya iwapo ulimwengu una mwanzo, ambayo ndiyo iliyotuleta, iko sehemu ya pili.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi juzuu ya pili kwenye kipaza sauti hiki hiki, tukapiga vigelegele. Wa mwaka jana aliiahidi tena, pamoja na kabati la kuitunzia. Kabati lilifika, lina kufuli na funguo mbili, na tunashukuru kwa dhati. Ndani yake kuna mhuri.

Msomi Salomon Munk alipofuka macho, bado akaumaliza Mwongozo kwa Kifaransa, Paris, mwaka 1866. Sisi macho tunayo, Mheshimiwa.

Jina la kitabu limo ndani ya bahasha hii, kwa herufi kubwa. Nakala moja yatosha.

Tunaomba kuwasilisha.