Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: utafiti wa Parkinson usiishie kwenye kutetemeka

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Ninaandika kutoka Wete, Pemba, nikiwa miongoni mwa wanaouguza majumbani wazee wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili, kuiomba Wizara yako iutafiti upande wa ugonjwa huu ambao jicho haliuoni upesi, nao ni kudhoofika kwa akili.

James Parkinson, daktari wa Kiingereza aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1817, aliamini kuwa akili ya mgonjwa husalimika. Leo inajulikana kuwa sivyo. Huko Sydney wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka 20, na miongoni mwa waliokuwa bado hai, asilimia 83 walikuwa na dimenshia, yaani akili kudhoofika hadi mtu kushindwa na shughuli zake za kila siku, ingawa tafiti za karibuni zinaonesha viwango vya chini zaidi.

Mara nyingi udhoofu huu wa akili hauanzi kwa kusahau. Mgonjwa hushindwa kupanga kazi yenye hatua nyingi, fikra huwa nzito, na baadaye huenda akaona watu au wanyama wasiokuwepo. Dalili hii ya mwisho ndiyo inayoumiza nyumba zetu, kwani mzee anaposema kuna watoto wamekaa barazani, jamaa huamini amechezewa au kapandwa na jini, na miezi hupita kwa tiba nyengine, ilhali pengine daktari angepunguza tu baadhi ya dawa zake. Si kila dawa ya kutuliza inafaa: haloperidoli humzidishia mgonjwa kukakamaa mwili, na triheksifenidili, inayotolewa kupunguza kutetemeka, inaweza kuvuruga kumbukumbu za mzee.

Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika watu wapatao 161,000 waliwapata wagonjwa 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kutambuliwa. Wilayani humo pia kilitengenezwa kipimo cha akili kiitwacho IDEA, kinachomtaka mzee apange njiti za kibiriti badala ya kushika kalamu. Jambo hili ni kubwa kwetu. Vipimo vya ughaibuni hudai kuchora saa na kuunganisha herufi kwa tarakimu, na bibi anayesoma Msahafu vizuri lakini hakuwahi kwenda skuli ataonekana amepungukiwa akili kwa sababu ya kalamu tu.

Tangu 2016 Serikali ya Mapinduzi inawalipa Pencheni Jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo wanajulikana hadi ngazi ya shehia. Naomba Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar iwezeshwe kuanzia kwenye orodha hiyo, Unguja na Pemba, kwa ridhaa ya wazee wenyewe, bila kuwasahau wagonjwa wenye umri mdogo zaidi. Wanaouguza nao wahojiwe kando, maana mgonjwa hujikaza mbele ya daktari na kujibu vizuri kwa dakika chache.

Matokeo yarejeshwe kwenye vituo vya afya vya shehia, yakiwa na maelekezo ya dawa zipi waepushwe wazee hawa.

Wako katika kuuguza,
Mkaazi wa Wete, Pemba