Ardhi ikishatulia, nani anakuja kukagua nyufa?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ardhi ikitikisika mambo yanaenda vilevile kila mara, watu wote nje, kelele, kuitana majina, wengine wako na khanga tu, baada ya muda kidogo anatokea mzee mmoja au kiongozi wa mtaa anasema haya tetemeko limeshapita jamani rudini mkalale, na watu wanarudi kweli. Hakuna aliyeshika tochi akazunguka nyumba. Hakuna aliyeangalia ukuta wa chumba wanacholala watoto. Hili ndilo naliandikia.

Desemba 2009 nilikuwa Kyela. Wenye kumbukumbu wanajua yale matetemeko yaliyopiga Karonga upande wa Malawi, ni pale tu ukivuka mto Songwe kwa Kasumulu, tuna ndugu kule na wao wana ndugu huku. Lile la kwanza lilipiga Jumapili usiku tarehe 6, la pili Jumanne alfajiri lenye ukubwa wa 5.9, tarehe 12 tena, na katikati yake vidogovidogo ambavyo vilikuwa vinagonganisha sufuria jikoni mpaka watoto wakawa hawataki kuingia ndani hata mchana. Siku za mwanzo tulilala nje mtaa mzima, yale maturubai ya kuanikia kakao na mpunga ndiyo yakawa mahema yetu. Lakini Kyela Desemba ni mvua, na mbu wa kule hawahitaji maelezo, watoto wakaanza homa, halafu kukawa na habari za watu kuibiwa maana nyumba ziko wazi. Basi familia moja ikarudi ndani, nyingine ikaona ikarudi, tukawa tumerudi karibu wote.

Usiku wa kuamkia tarehe 20, saa nane na kitu, ndipo likaja la 6.0. Yaani kubwa kuliko yote lilikuja mwisho, wiki mbili nzima baada ya la kwanza! Karonga watu walikufa na maelfu wakabaki kwenye mahema. Kwetu ulianguka ukuta wa chumba cha nyuma, ule ule ambao ulikuwa na ufa tangu Jumapili ya kwanza, ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha unapanda juu, kila mtu pale nyumbani alikuwa ameuona na hakuna aliyejua maana yake. Chumba kilikuwa na magunia tu, Mungu ni mwema. Lakini nyumba ngapi chumba kama hicho ndicho cha watoto?

Sasa mtu asiseme wananchi ni wabishi. Hakuna anayependa kurudi chini ya ukuta uliopasuka, watu wanarudishwa na mvua, na mbu, na wezi, na kukosa wa kumuuliza. Ukienda ofisini unaambiwa andika barua. Fundi aliyejenga ukimwita anakuja na ndoo ya saruji anaziba ule ufa anapaka rangi, unamlipa, unalala.

Na pale ambapo hakuna wa kuuliza ndipo meseji za wasapu zinapojaa, mara wataalamu wamesema litarudi saa tisa usiku, mara Marekani wameshaliona kwenye mitambo. Uongo mtupu. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kukutajia saa wala siku ya tetemeko. Kinachojulikana ni kwamba likishapiga moja mengine yanafuata, kwa siku au wiki au hata miezi, mengi yakiwa madogo na mara mojamoja likiwa kubwa kama ilivyokuwa 2009. Hiyo habari moja ya kweli ingetangazwa na spika ya mtaa usiku uleule watu wangejua cha kufanya, lakini tunaachiwa za uongo, na saa tisa ikipita salama watu wanacheka wanaona hata tahadhari za kweli ni porojo.

Sisi hatuishi mahali pa kubahatisha. Mbeya ndipo mikono mitatu ya bonde la ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Usangu na ule unaoshuka ziwa Nyasa. Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano, maji ya moto yanatoka kule Songwe na hata Kyela kwenyewe. Desemba 1910 enzi za Mjerumani lilipiga Rukwa tetemeko la 7.4, kati ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Wakati ule wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na nyumba za mianzi, ikitikiswa inayumba na kurudi. Leo sote tumejenga tofali za kuchoma, na wengi tofali wanalishikisha kwa udongo kwa sababu mfuko wa saruji ni hela nyingi, lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hakuna au ipo haina nondo ya maana, juu ukuta wa pembetatu umesimama peke yake haujafungwa na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Sirudishi watu kwenye mianzi, nasema tu nyumba hizi zinahitaji jicho la anayejua.

Bukoba walituonyesha, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9, dogo kidogo kuliko lile la mwisho la Karonga, watu 17 walifariki na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nikifikiria ingekuwa usiku wanafunzi wamelala mabwenini nakosa la kusema.

Ombi langu kwa halmashauri za huku, kuanzia Kyela mpaka Mbarali, ni kwamba kamati za maafa kisheria zipo mpaka ngazi ya kijiji, basi kila kata iwe na mafundi wawili watatu waliofundishwa na injinia kukagua nyumba baada ya tetemeko, majina yao yabandikwe ofisini na namba zao za simu. Waanze na mabweni, madarasa na zahanati, kisha nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Alama ya rangi mlangoni inatosha, huku ingia, huku usiingie. Kufundisha fundi kutofautisha ufa wa plasta na ufa uliopasua tofali, kupima kama ukuta umelala, kuangalia kona kama zimeachana, hiyo si kazi ya miaka. Na ulinzi shirikishi ulinde nyumba zilizo wazi usiku ule, maana mtu akijua redio yake na mpunga wake viko salama atakubali kulala nje.

Naomba gazeti lako liwaulize wahusika, kata ipi huku kwetu ina hata fundi mmoja wa namna hiyo leo? Ikijulikana ni ipi nitaenda mwenyewe kujifunza wanavyofanya.

Mkazi wa Tukuyu, Rungwe