Vigae vya vyungu visiishie kwenye kifusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Gazeti letu likigusa mambo ya kale basi ni Oloduvai na mafuvu, sawa, lile fuvu la Zinjanthropus ni letu hatukatai, ila wapo watu waliotumia maisha yao yote kwenye vipande vya vyungu na sijaona mkiwataja. Mmoja ni Anna Shepard, Mmarekani, kazaliwa 1903. Mama huyu hakuhangaika na dhahabu wala makaburi ya wafalme, yeye anachukua kigae anakisaga kiwe chembamba mpaka mwanga upite, anakiweka kwenye hadubini aone mchanga na mawe ambayo mfinyanzi alichanganya na udongo ili chungu kisipasuke kwenye moto. Maana mchanga una kwao bwana! Enzi hizo wengi waliamini kila kijiji kinajifinyangia chenyewe, yeye akachunguza vigae vya Pecos, kijiji cha kale kule New Mexico, Marekani, akakuta vingi vina mawe ambayo sio ya pale, yaani vyungu vilitoka kwingine. Na kazi kubwa kaifanyia maabara ya nyumbani kwake, Boulder.

Sasa huku kwetu. Watafiti wa mambo ya kale, Soper na Golden, walipita mkoa wa Mwanza wakachapisha ripoti 1969, pale Nyang'oma kulikuwa na vigae vya mtindo uitwao Kansyore, vya wavuvi na wawindaji wa zamani mno, halafu kuzunguka ziwa, Bukoba mpaka Kenya, kuna vya mtindo mwingine, Urewe, vyenye kishimo kwenye kitako, miaka kama elfu mbili na zaidi hiyo. Mawe ya Mwanza ni granaiti, Rusinga na Homa Bay upande wa Kenya kuna ya volkano. Kigae kikiokotwa Ilemela kina volkano ndani, ujue hakikufinyangwa hapa, na swali la nani alimpelekea nani vyungu kwa mtumbwi linaanza kujibika.

Linajibika kama vigae vipo lakini. Mafundi wakichimba msingi huku milimani vinatoka, vinapigwa koleo na kifusi vinakwenda kujazia barabara, wakati Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Halmashauri ikitoa kibali cha ujenzi iandike humo humo, ukikuta vigae simamisha, mwite afisa utamaduni. Gharama iko wapi hapo?

Na nyie mtume mwandishi kwa akina mama wanaofinyanga mpaka leo, kabla ndoo za plastiki hazijawamalizia soko, awaulize udongo wanachota wapi na wanachanganya nini, mchapishe na jina la kijiji.

Msomaji wenu,
Buswelu, Mwanza