Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mjukuu wangu sio mwizi

Mheshimiwa, shikamoo. Naandika hapa wazi kwa sababu ofisini kwako kila nikija naambiwa uko kwenye kikao.

Wiki iliyopita kijana kakamatwa na gunia la korosho za watu, kapigwa nusura wamchome moto, polisi wakawahi. Ukaja kwenye mkutano ukasema wizi umezidi huku Mtwara kwa sababu watoto wanazaa watoto. Watu wakapiga makofi. Binti yangu kazaa akiwa kidato cha pili, mtoto ndo kwanza anajifunza kutembea, na tayari ushamhesabu kwenye wezi.

Sikatai kuna uhusiano. Kule London watafiti walianza kufuatilia wavulana 411 toka mwaka 1961, na waliozaliwa na mama walioanza kuzaa wadogo walionekana kuingia zaidi kwenye makosa. Ila waliochambua wakasema umri wa mama peke yake sio sababu, kuna malezi na kuna shida za nyumbani. Sasa hizo shida nani anazipunguza?

Halafu mbona uhalifu wa kwanza huutaji? Toka 2016 sheria inasema anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Aliyempa binti yangu alikuja msimu wa korosho kununua kangomba, yaani korosho za magendo, ana pikipiki, ana hela mkononi, tukaripoti, kesi ikaishia hewani, nahisi kuna mtu kalainishwa maana msimu huu nimemuona tena anakunywa soda pale stendi. Mnalaumu unyago kila mwaka, na kweli wapo watoto wanachezwa wadogo mno hilo makungwi wetu walirekebishe, lakini unyago haumvizii mtoto njiani akitoka shule.

Mwezi wa 11 mwaka 2021 serikali ilitangaza waliojifungua warudi shule, wazazi tulifurahi sana. Binti kaenda, mara alete barua, mara nafasi hakuna, mara mtoto utamwacha na nani. Mimi nakaanga samaki toka alfajiri, siwezi kukaa na mtoto kwenye mafuta ya moto. Mkopo wa halmashauri nao mpaka afikishe miaka 18. Kwa hiyo yupo tu nyumbani, na vijana wa pikipiki wameshaanza kumpigia honi tena, ndo naogopa, akipata wa pili hapo hata mimi sitaweza.

Mheshimiwa ulituahidi wewe mwenyewe, mbele ya wazazi, kwamba kabla minada ya korosho haijaanza kutakuwa na sehemu ya kuacha watoto karibu na shule ili mama zao wasome. Minada imeanza. Sehemu hatujaiona, hata banda.

Basi hiyo sehemu kama hela hakuna sawa, bibi yake mwingine kajitolea kukaa na mtoto. Mimi naomba barua yako tu kwa mkuu wa shule, Januari ampokee binti yangu darasani. Maombi yake yapo masijala ofisini kwako toka kabla ya mfungo wa Ramadhani. Yasaini Mheshimiwa, nakuomba sana, yasaini.