Mazoezi ya washambuliaji Jumamosi

Habari zenu vijana. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane uwanjani, hapahapa Arua. Mabeki nanyi mje, la sivyo washambuliaji watapiga chenga hewa.

Tutacheza watatu dhidi ya wawili. Mwenye mpira amwendee beki mpaka beki alazimike kumkaba, ndipo atoe pasi. Ukitoa mapema, beki anawahi kote kuwili. Winga akifika mstari wa mwisho, aache krosi za juujuu (mnajijua!), aurudishe chini kuelekea alama ya penalti; anayeupokea akiwa nyuma ya mpira hana ofsaidi. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo lengeni kona ya mbali, chini. Kipa akiutema, mwenzako anamalizia.

Mvua ikinyesha, njooni tu. Asiye na viatu aniambie mapema.