Mwanaidi, usimlipe Jumamosi

Ngamiani, Tanga
9 Novemba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalam aleykum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza ule mkeka uliouchukua wakati wa Idi utalipwa lini. Hapo mimi simo.

Nimeona nikuandikie, nisikutumie sauti, maana sauti zangu unazikata katikati halafu unajibu "sawa shoga". Hili nataka ulisome mpaka chini kabla hujampelekea huyo kijana anayeleta simu za Dubai laki zako nne na nusu za iPhone XR hiyo Jumamosi. Uliniambia, "Niulizie walionayo, muuzaji mie simwamini." Nimeuliza. Wawili nimewauliza kwa mdomo, fundi nimemganda kibandani kwake mpaka akaniletea kigoda, na Rukia, binti wa shangazi, sikumuuliza kitu. Nilimwazima iPhone XR yake nikaingia nayo kwenye harusi. Ya harusini ndiyo habari yenyewe, subiri.

Kwanza ujue unanunua mzee. XR ilitoka Oktoba 2018, na Apple wenyewe waliacha kuiuza Septemba 2021. Kwa hiyo kijana akikwambia "mpya, fulu boksi", boksi nakubali. Simu ina mahali ilikopita. Septemba hii ilipotoka iOS 26, ule mfumo mpya wa kuendeshea iPhone, XR haikuingizwa, wameanzia iPhone 11. Hiyo haina maana kwamba itazima kesho. WhatsApp unayoihofia inataka iOS 15.1 kwenda mbele, na XR imefika 18, hapo huna tatizo. Ile simu ya jirani yenu iliyogoma WhatsApp ni iPhone 6. Hizo pamoja na 5s ziliachwa mwaka huu. Usichanganye ndugu na babu yake.

Nikaanza na mwalimu wa Makorora, yule ninayemshonea madera ya Idi. Yake anayo tangu 2020, kioo hakina hata mkwaruzo, kaifunika kava mbili. Nikamwambia niazime siku moja tu, akashtuka kama nimemwomba mume. Anaipenda. Ila nikiwa nimekaa pale akafungua picha akaanza kufuta, moja moja, huku anaongea na mimi. Nikamuuliza kulikoni. Ni ya GB 64, na iPhone haina pa kuchomeka memori kadi, basi kila Ijumaa anafuta. Wewe unayetunza picha ya kila mkono uliouchora hina tangu tuko sekondari, hiyo GB 64 itakutoa machozi. Kama ni lazima XR, iwe ya 128.

Wa pili ni dereva wa bodaboda pale stendi ya Kange. Huyo alinisifia simu dakika kumi nzima. "Dada, hii ukiitoa mfukoni watu wanakusikiliza." Nami namsikiliza huku naangalia waya mweupe unatoka kwenye koti lake, unaingia kwenye pawa benki aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Habari ya betri sikumuuliza tena. Mara mfukoni mwa shati kikalia kiswaswadu, akapokea mteja kwa hicho.

Hapo ndipo nikakumbuka: hata mwalimu alikuwa nacho, kwenye mkoba, kile cha tochi. Nikamwangalia na Rukia. Anacho! Wote watatu wana iPhone ya kushika na kitochi cha kazi. Sababu ni kwamba XR inapokea kadi moja tu ya laini. Ya pili iwe ile isiyo na kadi, wanayoiita eSIM. Zilizotengenezwa kwa ajili ya China ndizo zinazokula kadi mbili. Sasa wewe una laini ya wateja na laini ya kikoba, na ya kikoba ina pesa za wanawake kumi na wanane. Utaiweka wapi? Jibu usinipe mimi, mpe mwenyekiti wenu.

Kuhusu chaji, fundi wa Barabara ya Nane kanieleza vizuri. Apple wanasema betri za simu zao za miaka ile zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Mtu anayechaji kila usiku, mara 500 ni kama mwaka na nusu. Hesabu tangu 2018. Simu haina kosa hapo, ni umri, kama goti langu la kushoto. Betri inabadilishwa, lakini hiyo ni hela nyingine juu ya laki nne na nusu, na si kila fundi utamkabidhi.

Haya, harusi.

Alikuwa anaolewa mdogo wake Rukia, Chumbageni. Mchoraji wa hina walimtoa Pangani, ana mkono mwepesi, ingawa maua yake ni makubwa mno kwa ladha yangu. Saa nne asubuhi wamemkalisha bi harusi uani chini ya mwarobaini, mikono juu ya mto, kanga mpya imetandikwa. Nikapiga. Mwanaidi, sitaki kukudanganya: picha ilitoka mpaka nikanyamaza. Hina ilikuwa bado mbichi, ile rangi ya kahawia ya kung'aa, na kila mstari umesimama peke yake. Ngozi ikawa ngozi, haikupakwa unga kama zinavyofanya simu zingine. Nikajisemea, anunue tu, mie nimeshindwa hoja.

Nikataka sasa zile picha unazozipenda, mkono umekaa mbele na nyuma kumefifia, ndoo na masufuria yasionekane. Nikaweka Portrait. Nikaelekeza kwenye mikono. Simu ikaniandikia kwamba haioni mtu. Nikasogea, haioni mtu. Nikarudi nyuma mpaka nikakanyaga bakuli la hina, haioni mtu. Somo akauliza, "Kwani mkono huo wa nani?" Uwani wote wakaangua kicheko. Bi harusi alipoweka kiganja shavuni, sura ikaingia, ikakubali papo hapo.

Jioni nikamuuliza fundi. Kamera ya nyuma ya XR ni moja. Ili ijue kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, inategemea kumtambua mtu, na mtu kwake ni sura. iPhone 11 ina kamera mbili nyuma, yenyewe inafifisha hata ukipiga sufuria ya pilau. Kijana wako wa Dubai hawezi kukwambia hili, si kwa ubaya, yeye hajawahi kupiga picha kiganja. Lakini wewe nusu ya mikono unayochora ni ya watu wasiotaka sura zao zionekane mtandaoni! Utawaambia waweke shavu?

Ya usiku ndiyo iliyonimaliza. Baada ya Isha tuko chumbani, taa moja ya manjano, mchoraji anamalizia piko miguuni. Nikapiga na XR. Picha ikajaa chengachenga, mistari ya piko imeshikana kama ukoko wa wali. Nikapiga tena, nikaomba mtu aniwashie tochi, ikawa mbaya zaidi, mguu umeng'aa kama bati. Wifi yake Rukia ana iPhone 11, nikamwomba. Ikanionyesha kwamba inataka nitulie sekunde tatu. Nikaegemeza viwiko magotini, nikabana pumzi, nikatulia. Yale maua yakaonekana mpaka vidoti vya katikati. Hii ya kupiga gizani ilianza na iPhone 11, mwaka 2019; XR haina, na haitaipata. Na wewe kazi yako lini uliifanya mchana? Bi harusi wa Bagamoyo unaanza kumchora watu wameshakula.

Dogo lingine: wageni waliona picha za asubuhi, kila mmoja "nirushie, nirushie". Bluetooth ya iPhone haiwarushii wenye Android. Nikawatumia wote kwa WhatsApp, na bando lilikuwa langu.

Sasa najua utasema, "Basi Zuhura, hunitakii mema." Nakutakia. Kama shida yako ingekuwa laini mbili na chaji tu, ningekwambia kachukue Samsung Galaxy A15 kama ya mdogo wangu: kadi mbili, betri ya 5,000, na memori kadi inaingia (ingawa kwenye yake hiyo kadi imekaa pa laini ya pili, angalia hapo). Lakini nakufahamu, moyo wako uko kwenye tufaha lililong'atwa, na wateja wako nao wanaangalia unachoshika. Sitabishana na moyo. Nasema ukimpa moyo, na macho yapate chao. Muulize huyo kijana bei ya iPhone 11, GB 128. Akisema laki sita au sita na nusu, ngoja. Una harusi za Desemba, halafu Rajabu na Shaabani watu wanaozana kabla ya Ramadhani. Hizo mbili tatu tu zinakufikisha.

Na hata hiyo 11 usiichukue kwa kuiona sura. Unakumbuka simu yangu ya 2021? Duka silitaji, na chapa yake pia siitaji, yaliyopita yamepita. Nililipa, nikafika nyumbani, nikaisafisha ili nianze upya, ikaniuliza nywila ya mtu nisiyemjua. Kurudi dukani, yule muuzaji kaenda safari. Ikawa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo wewe mbele yake, kabla hela haijatoka, mwambie aifute yote, uiwashe upya, uingize akaunti yako mwenyewe ya Apple mpaka ifunguke. Akianza "itachukua muda dada", mwache.

Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15 za kuitambulisha simu; zitume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoshika. Ingia kwenye taarifa za simu, tazama namba ya modeli inaanza na herufi gani: M iliuzwa mpya, F ilirekebishwa ikauzwa tena, N ilitolewa kufidia iliyoharibika. F si dhambi, ila bei ya F isiwe ya M. Kwenye afya ya betri, ukikuta asilimia 100 kwa simu ya miaka sita, usifurahi, uliza nani kaifungua na kaweka nini. Na pale pa mwanga wa kioo tafuta True Tone, ile inayobadilisha rangi ya kioo kufuata mwanga wa mahali ulipo. Ikiwa haipo, kuna uwezekano kioo si cha kwake.

La maji nalisema kwa sababu nakujua na bahari yako. Wanasema XR inavumilia mita moja nusu saa, na 11 inavumilia zaidi. Fundi anasema hiyo ni ikiwa haijawahi kufunguliwa. Ule mpira wa kuzuia maji ukishatoka hauwi tena kama ulivyokuwa. Kwa hiyo ya Dubai usiende kupiga nayo picha ukiwa umezama mpaka shingoni.

Mimi nitakukopesha elfu sabini, za yale madera ya mwalimu akishanilipa. Lakini ni kwa ajili ya 11. Ukinunua XR, hela hiyo namlipia mama mkeka wake.

Leo jioni nakutumia picha nne za harusini: mbili za mchana, mbili za usiku. Sikuambii ipi imepigwa kwa simu ipi. Zikuze, tazama vidole, halafu nipigie. Usinitumie sauti.

Nisalimie Bi. mkubwa wako na watoto.

Wako,
Zuhura